Bi. Arafa Alwi na Karatasi Niliyoichana

Bi. Arafa Alwi anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya kuhudumu kwa miaka thelathini na minne katika Maktaba ya Mwanga wa Elgon: sita ya kwanza katika tawi la Bungoma, na iliyobaki hapa Kitale. Wahariri wa jarida la wafanyakazi waliniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nilikuwa mkubwa wake kwa miaka kumi na minane. Nimekubali kwa sababu nyingine pia, nami nitaifikia.

Alipoajiriwa, alikabidhiwa rafu ambayo hakuna karani aliyeitaka, ile ya vitabu vya muziki na wanamuziki. Watu waliazima vitabu hivyo ili watazame picha. Bi. Arafa akabandika karatasi nyuma ya kila kitabu, msomaji aandike alivyokiona. Aliweka sharti moja: maoni hayafutwi, na anayepinga aandike chini yake.

Karatasi hizo zikapendwa kuliko vitabu. Abdihakim, fundi cherehani wa karibu na msikiti, alisoma maisha ya mwimbaji mmoja wa taarabu akaandika: "Waume zake kurasa arobaini, sauti yake kurasa mbili. Sikuridhika." Katika kitabu cha kufundisha litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, Mzee Wabwile, mkulima wa Myanga, aliandika kwa hasira kwamba nyuzi za litungu ni saba na mchoraji amechora nane. Chini yake Jepkorir, muuguzi, akamjibu: "Mzee, hiyo ya nane si ni kivuli tu." Mzee Wabwile alikiazima kitabu mara ya pili ili aandike: "Basi kivuli wakiondoe, bana."

Kufikia mwaka 2005, rafu hiyo iliongoza kwa kuazimwa katika matawi yote mawili. Bi. Arafa amefunza makarani kumi na mmoja, na wote hubandika karatasi kwa namna yake, gundi kidogo pembeni, kamwe si katikati. Hata mwezi wa Ramadhani alisimamia mjadala wa wasomaji kila Jumamosi alasiri, na sauti yake haikupungua. Hasira zake nazo zajulikana. Aliwahi kumrudisha diwani mlangoni kwa sababu kitabu alichokirudisha kilikuwa na doa la mchuzi.

Sasa nifikie lile jambo. Mwaka 2007 nilichapisha kitabu kuhusu wapiga litungu wa Bungoma. Sura ya nne ilimsifu marehemu Wakoli wa Kamukuywa kwa nyimbo zake sita. Mwaka uliofuata, dada yake, Bi. Nasimiyu, alikiazima na kuandika: "Nyimbo hizi nilizitunga mimi, nikipalilia mahindi. Kaka yangu aliziimba vizuri. Mwandishi alipita mbele ya mlango wangu mara mbili, hakuniuliza."

Nilikuwa na desturi ya kusoma maoni asubuhi kabla ya wafanyakazi kufika. Niliyasoma hayo, nikaichana karatasi. Bi. Nasimiyu aliporudi kumwonyesha mjukuu wake, hakuyakuta, akalalamika kwa kamati ya maktaba. Kamati iliponiuliza, nilisema anayeshika gundi na makasi ni Bi. Arafa. Akapewa barua ya onyo. Nilipostaafu mwaka 2009, jina lake liliondolewa kwenye orodha ya wanaowania nafasi yangu kwa sababu ya barua hiyo.

Bi. Arafa hakugombana na mtu. Siku yake ya mapumziko alikwenda Kamukuywa na karatasi tatu, moja kwa kila nakala tuliyokuwa nayo. Bi. Nasimiyu aliandika upya, na mara hii akataja jina la kila wimbo. Kwa miaka kumi na saba, kila aliyesoma kitabu changu hapa amejua ukweli wake.

Daktari wangu hanifichi kwamba siku zangu ni chache. Mwezi uliopita nilimwita Bi. Arafa nyumbani kwangu Lugulu, nikamweleza. Akaendelea kukoroga chai.

"Nilijua siku ile ile, Mzee," alisema. "Nani mwingine alikuwa anasoma maoni kabla yangu?"

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Wangeamini karani, wamwache Mkutubi Mkuu? Lakini kitabu kilikuwa bado kwa rafu. Huko ndiko ningefanya kazi."

Kisha akatoa kitabu kwenye mkoba wake, akanipa kalamu. Chini ya mwandiko wa Bi. Nasimiyu niliandika: "Msomaji huyu anasema kweli. Mwandishi." Bi. Nasimiyu amepelekewa nakala ya karatasi hiyo. Yuko Kamukuywa, na bado anatunga.

Kamati ilipokea barua yangu ya kukiri tarehe 2 Juni na kuliondoa onyo kwenye faili la Bi. Arafa. Cheo alichonyimwa hakiwezi kurudi, na sitajifanya kwamba wasifu huu unakilipa. Ila asije mtu akasema anaondoka na doa. Doa lilikuwa langu.

Bi. Arafa, kwa niaba ya wafanyakazi wa Kitale na Bungoma, asante kwa miaka yote hiyo. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usioujua, na vitabu vingi ambavyo hutahitaji kuvilinda dhidi ya wakubwa wako.

Wepukhulu
Mkutubi Mkuu mstaafu