Masaa Kumi na Tisa ya Mama

Benchi la pale kona ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya kreti za soda. Kitasa chake bado kipo, na sheria inajulikana: anayechelewa hukalia kitasa. Siku hiyo Digrii aliwahi kabla ya wote, na bado akakikalia kitasa kwa hiari yake, jambo lililomtia wasiwasi Bibi Birika, muuza kahawa wa pale. Kushoto alikuwepo Kinyozi, ambaye amenyoa vichwa miaka ishirini na sita na kwa hiyo anajihesabu mtaalamu wa vilivyomo ndani. Kulia alikaa Fundi Friji, kavaa ovaroli lake la kijani lenye mfuko usio na kitako: umeshonwa mbavuni kote kuwili, chini umeachwa wazi kama shimo la takataka. Kila siku Fundi hutia spana humo kwa mazoea, kila siku spana humwangukia mguuni, na kila siku benchi zima hucheka. Digrii mwenyewe ana shahada ya bayolojia, miaka minne bila kazi, na ulimi ambao kama ungekuwa kisu, mtaa mzima ungekuwa na bandeji.

— Wamenipigia simu leo, alisema.

— Kazi! Bibi Birika akapiga makofi.

— Kazi gani, Bibi? Wenye kazi wanajua neno moja tu, "tutakujulisha". Hawa ni wale wa kituo cha utafiti. Wa ubongo wa mama.

Wote walimjua mama yake, fundi cherehani aliyeshonea nusu ya mtaa ule, aliyefariki miezi miwili nyuma baada ya ugonjwa wa kusahau kumtafuna polepole. Wakati akili ingalimo, alitia sahihi fomu ya kutoa ubongo wake uchunguzwe. "Kichwa hiki kimenisaliti," alimwambia mwanawe. "Nikifa wakakipasue, wamuone huyo mwizi alivyokuwa akiingia."

— Sasa wamesemaje? akauliza Kinyozi.

— Eti kuna mtu atakuja kuniona mchana huu. Think about it. Habari njema inakuja kwa meseji. Ikitumiwa mtu mzima na miguu yake, ujue wanakuja kukupa pole. Umeharibika ule. Masaa kumi na tisa, jamani! Toka amekata roho hadi gari lao kumchukua, masaa kumi na tisa.

— Hapo mchawi ni mjomba wako, alisema Fundi Friji. Si ndiye aliyesimama mlangoni, eti haondoki mtu hadi ukoo ukae kikao?

Digrii akanywa kahawa.

— Ila tuliza moyo, akaendelea Fundi. Alilazwa kwenye baridi au hakulazwa?

— Mochwari, baada ya masaa matatu.

— Basi! Saa ya ukutani haiozeshi kitu, mdogo wangu, kinachoozesha ni joto. Mimi naweza kukuwekea nyama mwezi mzima.

— Nyama inapikwa, Fundi. Hii inasomwa. Ndani ya seli kuna ujumbe, vijibarua vidogo vinavyoonyesha seli ilikuwa inafanya kazi gani. Mtu akifa tu, vinaanza kukatikakatika. Nimesoma mimi haya, siyo stori za saluni.

— Usiniguse na saluni yangu! Kinyozi akamsogelea ubaoni. Nikwambie mimi niliyeshika vichwa. Nywele za maiti zinaendelea kuota, kweli si kweli?

— Si kweli. Ngozi inasinyaa tu.

— Zinaota! Na nywele zinalishwa na nini? Ubongo. Kwa hiyo ubongo unafanya kazi hata siku arobaini baada ya mazishi. Masaa kumi na tisa kwake ni usingizi wa mchana. Na wahenga wamesema ngoja ngoja huumiza matumbo. Matumbo! Ubongo haukutajwa.

Bibi Birika alicheka hadi mfuniko wa birika ukadondoka. Hata Digrii mdomo ulimcheza.

— Tena kawia ufike, akaongeza Kinyozi, aliyeona upepo uko upande wake.

— Samaki huoza kuanzia kichwani, akachomeka Fundi, kisha akajishika mdomo. Samahani, kaka. Limenitoka.

— Wanaume mna maneno, alisema Bibi Birika. Ubongo ni kama kahawa hii. Ukiitoa motoni, kwanza inaondoka harufu, halafu joto, rangi inabaki. Kwa hiyo mama yako majina ya watu yameondoka, lakini mapishi yamo. Wakiutazama vizuri wataona hadi namna alivyokuwa akiunga mchuzi.

— Na vipimo vya suruali yangu, alisema Fundi.

— Na umbea wote wa mtaa! Kinyozi akasimama. Jamani, yule mama alitushonea sote. Siri zetu zote ziko kwenye maabara ya serikali!

— Mnaona mchezo, eh?

Sauti ya Digrii ilitoka ndogo, siyo ile ya kukata watu. Alikuwa akikishika kitasa kana kwamba mlango ule ungefunguka.

— Mjomba alilizuia gari lao pale mochwari masaa matatu. Matatu tu. Mama amekata roho saa kumi na moja jioni, na kadi yenye namba yao nilikuwa nayo mfukoni. Imeandikwa kwa wino mwekundu: piga mara moja. Nikaenda chooni nikaitoa, nikairudisha. Shangazi wanalia sebuleni, mimi nikawaambie nini? Nimewaita watu waje wafungue kichwa cha wifi yenu? Nimepiga saa tatu asubuhi. Kumi na sita ni yangu. Kitu kimoja tu aliniomba yule mama, tena mimi msomi wa familia. Nikamwogopa shangazi.

Hapakuwa na methali. Bibi Birika akammiminia kahawa bila kuulizwa.

Ndipo akatokea dada mmoja wa makamo, viatu vina vumbi, kwapani faili la buluu. Akasalimia, akamuulizia Digrii kwa kazi ya mama yake: mtoto wa fundi cherehani.

— Ni mimi, alisema Digrii. Sema tu, dada. Umeharibika.

— Nani kakwambia?

— Masaa kumi na tisa.

Dada akatafuta pa kukaa. Digrii akampisha ubaoni, mwenyewe akabaki amesimama.

— Sitakudanganya, alisema dada. Masaa kumi na tisa si machache. Vipimo vingine vinataka ubongo wa mapema zaidi, na hivyo tumevikosa. Lakini mama aliwahi baridi. Tena mwishoni alikwenda haraka, hakukaa siku nyingi na homa kali au kwenye mashine ya kupumulia. Hayo nayo huuchosha ubongo, wakati mwingine kuliko saa zenyewe. Ule uchafu wa protini, alama ya ugonjwa, haufutiki kwa siku moja. Tumeuona vizuri. Ubongo wa mama yako unatufaa, kaka. Ungeharibika, mimi nisingetembea jua lote hili.

Digrii alichuchumaa palepale kando ya kreti, akatoa pumzi ndefu ya mtu aliyetua gunia. Machozi yakaja pamoja na kicheko, akayafuta kwa kiganja.

— Baridi! Fundi akapiga kelele. Nilisema mimi!

— Ulisema nyama, Bibi Birika akamkata.

Dada akafungua faili, akatoa kalamu.

— Nimekuja kwa sababu moja. Ubongo tunao, maisha yake hatuna. Fomu inauliza: dalili ya kwanza ilikuwa ipi, na lini?

Digrii akasema miaka mitatu nyuma, siku mama alipopotea njia ya sokoni. Halafu akasita.

— Hapana. Hapo alikuwa ameshaanza. Mwanzo kabisa... sijui.

Akamtazama Kinyozi. Kinyozi, mtaalamu wa vichwa, akatazama viatu vyake. Bibi Birika akainamisha birika. Likatoa matone mawili, likaisha. Kwa kawaida hapo ndipo watu huinuka. Hakuinuka mtu.

Fundi Friji, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, akachukua spana yake ubaoni akaitia mfukoni.

Ikaanguka. Nga!

Hakucheka mtu. Macho yote yalikuwa kwenye ule mfuko, na mishono yake miwili, iliyonyooka kama rula, ya mkono uliojua kazi.

— Ovaroli hili, Fundi akasema polepole, kanishonea mama yako. Nikamwambia umesahau kitako. Akacheka, akasema nitamalizia kesho.

— Lini hiyo? akauliza dada.

Fundi akahesabu kwa vidole, akarudia.

— Mwaka wa saba huu.

Dada akaandika. Bibi Birika akainua birika, akaenda kuteka maji mengine.