Sweta la Redio ya Yotamu

Ukitoka sokoni Mbeya ukashika barabara ya maduka ya Wahindi, duka la Mulji utalijua kwa benchi lake kabla hujaliona bango. Ni ubao mmoja mrefu wa lori lililokufa, miguu mitatu ya mti na wa nne wa matofali. Hapo Yotamu aliziba pancha za baiskeli, Asukile aliuza kahawa yenye tangawizi, na nchi nzima ilitengenezwa upya kwa maneno matupu kila siku ya Mungu mpaka baridi iwafukuze. Jumamosi ile ya mwaka sabini na tano benchi lilifurika, maana Yotamu alikuwa ameleta redio yake na kuikalisha juu ya kreti la soda. Saa kumi kamili Dar ingerusha wimbo wa kwaya ya akina mama wa Mbeya, na mwenye kuanzisha nyimbo katika kwaya hiyo alikuwa Damari, mke wa Yotamu. Sasa ilikuwa saa tisa na nusu, na redio ilikuwa inasema Kibemba cha Zambia.

Yotamu alizungusha kitufe mpaka mwisho, akakirudisha mpaka mwanzo. Kibemba. Jasho lilimtoka na ubaridi wote ule. Watu wa redio walipokuja na gari lao kuirekodi kwaya, yeye alikuwa Chunya na kazi zake, na Damari alilimeza hilo bila kulisahau. Alhamisi, kabla ya kupanda basi la Iringa kwenda mkutano wa kwaya, alimwambia mlangoni: "Ubeti wa tatu nimekuimbia wewe. Sikwambii nimesema nini. Kausikie redioni kama watu wengine, nikirudi Jumapili nitakuuliza." Tangu hapo Yotamu hakuwa na raha. Betri mpya nne alikuwa amekwisha kuzitia mapema wiki ile, na hakuiwasha redio hata dakika moja ili zisije zikachoka.

Na kabla hajaondoka Damari alifanya jambo jingine. Aliivalisha redio sweta. Alilifuma mwenyewe kwa uzi wa pinki, akaacha tundu la antena na matundu mawili ya vitufe, kisha akalishona kwa nyuma kwa mshono wa kukaza. Nyumbani kwake kila kitu kilivaa, kuanzia viti mpaka chupa ya chai, lakini hili la redio lilishonwa kwa sababu mara tatu alimkuta mumewe ameifungua kwa bisibisi, anasema anaangalia tu.

— Betri zimepata baridi, alisema Asukile huku akipuliza mkaa wake. Betri ya Mbeya lazima iote moto kwanza. Lete.

— Gwe Asukile, alisema Yotamu, husikii kelele hizo? Betri mbovu inaweza kupiga kelele namna hiyo?

— Zambia ni hapo tu, mtu anafika kwa baiskeli. Haili betri. Dar ndiyo inayokula.

— Na betri zenyewe zimo ndani ya sweta.

— Basi tuioteshe redio nzima.

Wakaisogeza karibu na jiko. Haikupita muda ikaanza harufu ya sufu inayoungua, na Yotamu akaruka akaikumbatia redio kifuani. Akakagua sweta uzi kwa uzi. Palikuwa na alama ndogo ya kahawia pembeni, akaikwangua kwa ukucha.

— Mnacheza, alisema mzee Saulo, aliyekuwa ameketi kimya muda wote huo akisubiri wajinga wamalize. Redio ni mambo ya jeshi hayo.

Saulo walimwita Koplo Antena. Alipigana Burma, na hakuna aliyekunywa kahawa pale bila kuelezwa Burma.

— Miezi kumi na minne nimebeba redio mgongoni. Hii yenu ni ya kuchezea watoto.

— Kubeba ulibeba, Koplo, alisema Danieli kutoka mwisho wa benchi. Kuwasha je, uliwahi kuwasha?

— Kuwasha ilikuwa kazi ya afisa.

Benchi zima likacheka, lakini Koplo hakutikisika. Alisimama, akalamba kidole, akakiinua hewani.

— Redio inasikia upande iliokabili. Hii mmeielekeza Tunduma, sasa mnalalamika nini ikileta Zambia? Dar iko kule, upande wa Uyole. Geuza!

Wakaigeuza. Kibemba kikazidi kuwa safi.

— Ni nyinyi, Koplo aliamua. Miili yenu bado imeelekea Tunduma. Mnaivuta.

Watu wazima watano wakainuka, wakalibeba benchi, wakaligeuza lielekee Uyole. Waliporudi kuketi mguu wa matofali ukabomoka, na Danieli akajikuta chini na kikombe chake. Akapangusa suruali bila haraka, akautazama mlima Loleza uliosimama juu ya mji.

— Mimi nilijua tangu mwanzo, alisema. Tatizo liko pale.

Danieli walimwita Makongolosi, maana alichimba dhahabu huko miaka sita akarudi na kikohozi na jina.

— Ndani ya Loleza mna dhahabu, wala usinibishie. Na dhahabu inakunywa sauti. Kule Makongolosi unamwita mwenzako shimoni, uko naye hapa na hapo, haitiki.

— Amelala, alisema Asukile.

— Hajalala! Sauti imenywewa! Sasa fikiria mlima mzima. Damari wa watu anatoka Dar na sauti yake nzuri, anafika hapo nyuma, anamezwa.

Yotamu aliutazama mlima ule aliozaliwa akiuona, na kwa mara ya kwanza maishani akauchukia. Saa ya dukani ilionyesha kumi kasoro robo.

— Mulji! aliita. Kaka, redio umeniuzia wewe. Njoo useme.

Mulji alitoka na miwani puani na karatasi mkononi. Alikuwa anasikiliza tangu mwanzo nyuma ya kaunta, akiombea asiitwe.

— Mimi nimeuza redio nyingi, bwana, zote zinashika Dar. Tena hii ni Mjapani halisi. Maelekezo yake haya hapa, kila kitu kimeandikwa.

— Soma basi.

Mulji aliishika karatasi wima, akaigeuza, akaigeuza tena.

— Haya maandishi yanashuka kama mvua, alikiri. Lakini sikilizeni. Mzigo huu haukupita Dar. Ulitoka kwa mjomba wangu Ndola. Redio ilipelekwa Zambia, ikazoea Zambia. Imehamia kwetu, lakini hakuna aliyeiambia kwamba imehama.

Mwaka ule kila mtu alikuwa amehama au ana ndugu aliyehamishwa, vijiji vizima vimebebwa na malori kwenda vijiji vipya, na jambo hilo liliwaingia vizuri sana.

— Na aliyehamia, alisema Asukile polepole, lazima aripoti kwa balozi wa nyumba kumi.

Wote wakamgeukia Koplo Antena, maana balozi alikuwa yeye. Koplo akavuta shati, akakohoa, akatoa mfukoni daftari lake la wageni na kalamu ya risasi. Akasimama mbele ya kreti.

— Jina?

— Redio, alijibu Yotamu. Aliona haya, lakini alijibu.

— La baba?

— Andika Yotamu. Mimi ndiye ninayeilisha.

— Kabila?

— Mjapani, alisema Mulji.

— Imetoka wapi, na imekuja kufanya nini?

— Imetoka Ndola, alisema Danieli. Imekuja kumsikilizisha mtu mkewe.

Koplo akaandika yote hayo, akapiga mguu chini, akaiambia redio kwa sauti ya gwaride kwamba kuanzia leo iko Mbeya, katika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na itii sheria. Wakasubiri. Ndani ya sweta mtu wa Zambia akacheka kicheko kirefu, akaweka wimbo wa gitaa.

Yotamu aliketi juu ya tairi. Kumi kasoro dakika sita. Aliwaza basi la kesho na Damari akishuka na kikapu chake, akiuliza kabla ya salamu. Aliwaza atakavyosema kwamba wakati mkewe anaimbia nchi nzima yeye alikuwa anasikiliza gitaa la Ndola. Machozi yalikuwa karibu, na hakujali nani anayaona.

Hapo akafika mtu mrefu, kofia kichwani, anakokota baiskeli ambayo gurudumu lake la mbele lilikuwa limejikunja. Mavumbi ya Usangu yalimjaa mpaka kope.

— Habari za hapa, wazee. Ninaitwa Nkuba. Nimeelekezwa kwa fundi.

— Fundi yuko msibani, alisema Asukile, ingawa hakuna aliyekufa. Keti, unywe kahawa.

Wakamweleza kwa pamoja, huyu akianzia Burma, yule Loleza. Nkuba alisikiliza kwa adabu, kikombe mkononi. Walipomaliza akaitazama redio kwa muda.

— Imevaa nguo kwa nini?

Walikuwa wamekaa nayo mchana kutwa na hakuna aliyeona ajabu.

— Inasikia baridi, alisema Asukile mwishoni.

— Mimi ni mtu wa ng'ombe, alisema Nkuba. Redio sizijui. Ila ng'ombe akigoma, sisi hatukai tukamjadili. Tunampapasa.

Akaweka kikombe chini, akapapasa redio tumboni, ubavuni, kisha mgongoni. Kidole kikasimama.

— Hapa kuna kijinundu. Uzi umekivuta chini.

Mulji alijipiga paji la uso mpaka miwani ikaanguka.

— Swichi! Swichi ya nyuma! Ikiwa chini inachukua stesheni za karibu, ikiwa juu inachukua za mbali! Bwana Yotamu, mkeo alipokaza mshono ameishusha!

Yotamu alisukuma kwa kidole gumba juu ya sufu. Swichi ikapanda, ikasikika sauti ya Kiswahili nusu neno, uzi ukairudisha chini. Akasukuma tena, ikarudi tena. Mke wake alikuwa mshonaji hodari.

— Kata, alisema Danieli.

— Sithubutu. Aliniambia akikuta uzi umekatwa atajua kwamba simsikilizi.

— Na usipokata, alisema Nkuba, utamsikilizaje?

Yotamu alitazama saa, mshale uko karibu kugusa kumi kamili. Akachukua wembe wa kukatia viraka. Mkono uliokata maelfu ya mipira bila kuwaza sasa ulitafuta uzi wa pinki mmoja mmoja. Akakata mshono mmoja. Akakata wa pili na wa tatu, akaingiza kidole, akapandisha swichi.

"...kwaya ya akina mama kutoka Mbeya," ilisema Dar, safi kabisa, "na wimbo wao."

Kisha sauti ya Damari ikatoka peke yake, bila ngoma, sauti ile ile aliyoisikia miaka kumi na miwili ikiuliza chumvi iko wapi, na akina mama wengine wakaipokea nyuma yake. Furaha ilimpanda Yotamu kutoka miguuni. Aliruka juu akashuka na Asukile shingoni. Koplo alisimama wima, akapiga saluti, akakataa kuushusha mkono. Danieli alimkumbatia Nkuba, asiyemjua hata kwa dakika kumi, akamnyanyua juu na kofia yake. Mulji alikimbilia ndani akarudi na chupa ya peremende, akaanza kuwarushia wapita njia, akiwaambia redio hiyo kaiuza yeye. Watu wa sokoni wakaja mbio. Huyu alipiga vigelegele, yule akagonga rimu ya baiskeli kwa spana, na benchi likaanguka mara ya pili pasipo mtu kuliangalia.

Wimbo ukaisha. Msemaji akashukuru, akaendelea na bei za pamba. Yotamu alipangusa macho kwa kiganja chenye gundi, akacheka, akapangusa tena. Kila mtu alikuwa anahema.

— Umesikia? alisema Danieli. Umesikia sauti hiyo? Loleza haukuiweza!

— Nimesikia, alisema Yotamu. Nimesikia jamani.

Nkuba aliokota kofia yake, akaikung'uta.

— Mama ameimba vizuri sana, alisema. Ila kelele zilinizidi. Ule ubeti wake wa tatu, amesemaje?

Koplo alishusha saluti. Danieli akamtazama Mulji, Mulji akaitazama karatasi yake ya Kijapani. Asukile alisema "Amesema..." kisha akainamia birika, akalitikisa, akakuta tupu. Yotamu alifumba macho akautafuta ubeti ule kwa nguvu zake zote, na alichokikuta ni sauti yake mwenyewe ikipiga kelele, "Mke wangu huyo! Mke wangu huyo!" kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho.