Kovu la Uongo ku Mukono wa Furaha

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu. Mimi ni Mama Bahati wa Kibabi, mujane wa Balume. Sikusoma sana, nilifika mwaka wa pili wa masomo, wakanitoa nikalime. Lakini majina ya watu sisahau, na leo nitayataja, sababu wengine hawana tena muntu wa kuwataja.

Ndugu zangu, Bwana aliniponya na ugonjwa ambao haukuwa ku ngozi. Ulikuwa ku roho. Nilikuwa muntu wa kushuku kila kitu.

Ile roho niliipata nikiwa mutoto. Muntu mumoja wa serikali ya Wabeleji alifika ku kilima chetu na karatasi, akauliza majina ya wanaume. Papa yangu, Mupenda, alitaja jina lake vizuri, kwa heshima, na kofia mukononi. Kisha wiki moja wakamupeleka kazi ya barabara. Hakurudi. Mama yangu Feresi akatuambia: "Muntu mwenye karatasi, musimupe jina." Na tena kwetu mutoto hahesabiwi, wanasema kumuhesabu ni kumuitia kifo. Mugeni akikuuliza uko na watoto wangapi, unamujibu, "Mungu njo anajua," na unaangalia pembeni.

Basi, ilikuwa miaka ile kisha Dipanda, uhuru wetu. Nilikuwa na Bahati, na Riziki, na Furaha aliyekuwa anaanza kutembea. Ndui ilikuwa inazunguka upande wa Walikale. Vijana wa kanisa wakatoka Mushaki kwa miguu, munganga alikuwa amewafundisha kuchanja watu. Walikuwa watatu: Mateso, Erneste, na Yozefina binti wa katekista. Tulisikia kwamba hawalipwi. Ile njo ilinishitua zaidi. Nani anapanda vilima vyetu siku muzima bure? Na uso wa Yozefina ulikuwa na mashimo ya ndui, alipona nayo akiwa mutoto. Sisi tukasema: muangalie, ule njo anaileta.

"Wanauliza majina," jirani yangu Mama Sifa aliniambia ku chemchemi. "Na watoto wangapi. Na umri."

"Umri wa nini? Wanataka kutuoa?"

Tukacheka. Lakini nilibeba maji yangu mbio.

Tulisikia tena kwamba wanaanza na kutazama mukono. Mwenye kovu ya chanjo, wanamupita. Hapo nikapata akili, na ile akili ilitoka kwa shetani. Lupango yangu, uzio wa nyumba, ilikuwa ya muyenzi, ule muti wenye maziwa ya kuchoma. Nikavunja tawi, nikaweka tone moja ku mukono wa Bahati, moja ku mukono wa Riziki, moja ku mukono wa Furaha. Furaha alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha siku kidogo ngozi ikatoka, kovu ikabakia. Vijana walipofika, Erneste akatazama, akasema, "Hawa walikwisha chanjwa," wakapita. Nilijiona mwanamuke mwenye akili kupita wote wa Kibabi.

Mama Sifa aliona, akaleta watoto wake, Sifa na Tumaini. Kisha akaja Mama Neema. Kisha Mama Bora. Wote niliwafanyia pale pale ku lupango. Sikuwaambia kwamba ile maziwa ni dawa. Lakini sikuwaambia pia kwamba haiko dawa. Na walipoanza kuita "chanjo ya Mama Bahati," nilinyamaza. Ndugu zangu, lile jina lilinipendeza.

Mwezi ule ule bwana yangu Balume na Papa Sifa, bwana wa Mama Sifa, walibeba maharagi mpaka Mpofi, upande wa Walikale, wabadilishe na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Kule walilala nyumba moja na wagonjwa bila kujua. Balume alikuwa na kovu ya kweli, alichanjwa zamani ku shamba la wazungu. Papa Sifa hakuwa nayo. Wiki mbili zikapita, homa ikamushika, halafu vipele vikamutoka ku uso na ku nyayo.

Asubuhi nikamupelekea uji, nikasimama ku mulango. Ndani nikaona Sifa anapanguza papa yake jasho, na Tumaini analala naye ku mukeka moja.

"Mama Sifa, toa watoto."

Akanitazama kama ninasema kitu cha kuchekesha. "Niwatoe sababu gani? Hawa si wana chanjo yako?"

Nikaweka uji chini. Nilipaswa kusema pale pale. Sikusema. Nilirudi nyumbani, nikaketi, nikajiambia: labda Mungu atawachunga. Ninyi munaosema "labda" wakati kinywa kinapaswa kufunguka, munisikilize vizuri.

Jua likiwa katikati, vijana wakarudi. Walikuwa wamesikia habari ya Papa Sifa. Yozefina akaingia kwangu, akaomba kuona mikono ya watoto. Akashika mukono wa Furaha, akapitisha kidole juu ya kovu, akapitisha tena.

"Mama, nani alichanja huyu?"

"Vijana wa Mushaki."

"Ni mimi niko kijana wa Mushaki."

Nikasema, "Ni mwenzako basi. Ule murefu."

"Erneste?" Akageuka, akaita inje, "Erneste, ulichanja hapa?"

"Mimi? Hapana. Wa hapa niliwakuta na kovu."

Akanitazama. Mimi niliangalia majivu ya jiko. Furaha, mutoto hajui haya, akanyosha kidole akakitia ku shimo la shavu la Yozefina, kisha ku lingine, sawa vile anacheza. Nilitaka kumuvuta. Yozefina akasema, "Muache." Akainamisha uso ili mutoto afikie vizuri.

"Mama," akasema, "kwetu haikukuwa muntu wa kutuchanja. Tulikuwa watatu. Agata na Pio wako chini ya udongo. Mimi njo nilibakia." Kisha akasimama. "Sitakamata mutoto wako na nguvu. Tunakwenda ku chapeli. Kama kilima muzima iko na kovu, kazi imeisha hapa. Dawa iliyobakia tunaipeleka Mpofi mbele mvua ianze."

Wakatoka. Nikasikia miguu yao inapanda njia.

Ndugu zangu, niliomba. Kitu kimoja tu kilinijia: Papa yangu Mupenda na kofia mukononi. Maisha yangu yote nilimuona mujinga, sababu alisema jina lake la kweli kwa watu wa uongo. Na mimi sasa nilikuwa nasema uongo kwa watu wa kweli. Nani alikuwa mujinga? Halafu nikamuona Tumaini ku ule mukeka.

Nikatia Furaha ku mugongo, nikaita Bahati na Riziki, tukapanda mbio. Nikapita kwa Mama Sifa, nikamuita inje na watoto wake. Ku chapeli vijana walikuwa wanafunga sanduku. Mama Neema na Mama Bora walikuwa pale, wanapumuzika na vikapu vyao. Nikafunua mukono wa Furaha mbele ya wote.

"Hii ni muyenzi," nikasema. "Yote ni muyenzi. Ya kwangu na ya kwenu. Haiko dawa. Ni mimi nilifanya, na nilijua."

Halafu Mama Bora akasema, "Ulituona kama kuku." Mama Neema akatema mate mbele ya miguu yangu. Mama Sifa alishika Tumaini ku bega na akamutazama, akamutazama tu.

Yozefina hakunitukana. Akafungua sanduku tena, akatoa karatasi na kalamu.

"Mama, tuanze upya. Majina ya watoto?"

Ulimi ulikuwa muzito kama jiwe la kusagia. Lakini Bwana alinifungua pale, mbele ya watu. Nikasema, "Bahati. Riziki. Furaha. Watatu." Ilikuwa mara ya kwanza nawahesabu kwa kinywa changu. Akaandika. Kisha akachanja watoto wangu na wa wenzangu, na Furaha hakulia sana kama siku ya muyenzi.

Papa Sifa alikufa. Jina lake lilikuwa Bwira, alikuwa fundi wa kuezeka nyumba. Tumaini alishikwa, akapona, lakini jicho la kushoto lilibakia jeupe. Wengine wote wa kilima chetu, hakuna aliyeguswa. Mama Sifa hakunisemesha mpaka maharagi mapya yakakauka. Asubuhi moja akasimama ku lupango na kigae mukononi. "Nipe moto," akasema. Kwake moto ulikuwepo, niliona moshi. Nikamupa makaa, na toka siku ile tukasemezana tena.

Nimezeeka sasa. Tumaini ni papa wa watu. Kila nikimusalimia ninaona lile jicho, na sitaki Bwana aniondolee kuliona. Bwana alinisamehe; hakuniambia nisahau.

Kwa hiyo ninamushukuru Mungu kwa Yozefina, Mateso na Erneste, waliotembea mpaka viatu vikaisha, sisi tukiwafungia milango. Papa yangu aliandikwa ku karatasi, hakurudi. Watoto wangu waliandikwa ku karatasi, wakabakia. Karatasi haina roho. Angalia mukono unaoishika.

Na wewe unayenisikiliza, sikuambii uache kuuliza. Siku kijana akibisha ku mulango wako na sanduku la dawa, muulize anatoka wapi, nani alimufundisha, dawa inafanya nini. Muulize mpaka achoke. Lakini akikuomba mukono wa mutoto, umuonyeshe mukono wa kweli. Na Mungu naye umuonyeshe ule ule. Yeye anahesabu, na haui.