Anastase Munyaneza na Kiatu cha Kulia

Familia inawashukuru nyote mliopanda hadi Nyakarenzo kumsindikiza Mzee Anastase Munyaneza, seremala wa Kamembe, ambaye wengi wenu mlimjua kwanza kwa mguu wake wa kushoto, ndipo mkaijua milango na viti vyake.

Alizaliwa Bukavu, mtaa wa Kadutu, tarehe 2 Mei 1957. Baba yake, Ladislas, alikuwa mzaliwa wa hapa Nyakarenzo aliyevuka mpaka kwenda Kongo kutafuta kazi. Mama yake aliitwa Nyiransabimana. Mama alimwachia mtoto ashike kijiko kwa mkono alioutaka, lakini hakukubali hata mara moja ampe mtu kitu kwa kushoto. Wageni walipofika, Anastase aliukalia mkono huo ili asijisahau.

Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha useremala, akahitimu mwaka 1976. Mwalimu wake wa ufundi hakujaribu kumgeuza, alimgeuzia meza. Marehemu aliishukuru meza ile maisha yake yote.

Jumapili alicheza winga ya kushoto katika timu ya mtaa. Mwaka 1979 alimfunga kipa wa timu pinzani, Mulume, fundi viatu, penalti tatu katika mechi moja, na mara zote tatu Mulume aliruka upande mwingine.

“Haiko nguvu, Anastase,” Mulume alimwambia. “Ni macho yangu. Imezoea batu ba muguu wa kuume. Uniachie mwaka moja tu, nitakuzoea.”

Mwaka uliofuata Mulume alidaka penalti zake mbili. Marehemu alisema ni bahati.

Tarehe 27 Agosti 1983 alifunga ndoa na Gasaro. Siku ya kuposa, baba mkwe alimpa chupa ya bia, naye akaipokea kwa kushoto. Watu wote wakaugeukia mkono huo. Shangazi wa Gasaro ndiye aliyewaokoa: “Mumuache! Afazali ashike chupa na kushoto kuliko ashike mutoto wetu na ngumi.” Kwa miaka arobaini na moja Mama Gasaro hakuwahi kuonjeshwa ngumi, na anaomba hilo lisomwe mbele yenu.

Mwaka 1995 walihamia Kamembe na watoto wao watatu: Uwimbabazi, Shema na Benitha. Alifungua karakana, na Jumapili akafundisha watoto mpira. Hapo ndipo alipokosea, na mwenyewe aliagiza kosa hilo lisifichwe siku ya kuzikwa kwake. Aliamini kwamba kushoto ndiko kulikomfanya mchezaji. Shema, mtu wa kulia tangu kuzaliwa, alipofika miaka kumi na moja, baba alimnunulia viatu vipya vya kuchezea mpira, vikubwa ili akue navyo, akamvalisha cha kushoto tu. Mguu wa kulia ulibaki peku, ili uuogope mpira. Ikawa hivyo miaka mitatu. Mwaka 2002 Shema alikiweka kiatu juu ya meza ya karakana.

“Papa, sichezi tena. Hii kiatu ni ya muntu mwingine.”

 Baba alivifungia viatu vyote viwili katika sanduku la vifaa. Kwa miaka ishirini wawili hao walizungumza mbao, mvua na afya ya mama, mpira hawakuugusa.

Tarehe 9 Novemba 2022 alipatwa na kiharusi, na upande wake wote wa kushoto ukafa ganzi. Shema, ambaye ni fundi wa injini za boti Cyangugu, alipanda Kamembe kila asubuhi kabla ya kazi, akamfundisha baba yake kula kwa mkono wa kulia. Uji ulimwagikia shati zaidi ya ulivyoingia kinywani.

“Pole pole, Papa. Huu mukono haujajua njia.”

Asubuhi moja kijiko kilianguka mara ya tatu. Mzee alikitazama pale chini.

“Shema. Ni vile ulikuwa unajisikia?”

“Ndiyo, Papa. Ni vile.”

“Na ule mguu mwingine ulikuwa muzima.”

“Ulikuwa muzima.”

“Mulume aliniambiaka. Kushoto yangu ilisaidia sababu batu hawakuizoea. Wewe nilikunyanganya kuume yako. Unisamehe, mwanangu.”

“Nilisha kusamehe. Sasa shika kijiko, uji inapoa.”

Siku hiyohiyo aliomba sanduku lifunguliwe. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimechakaa hadi soli. Cha kulia hakikuwahi kugusa nyasi. Wiki iliyofuata Shema alimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi uwanjani, na Mzee akamwambia Habumugisha, kocha aliyempokea kazi: “Mutoto apige mpira kwanza. Mguu gani ni wake, utauona nyuma.”

Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa amemshika Mama Gasaro kwa mkono wa kulia. Familia inawashukuru madaktari, majirani, na Mulume, aliyevuka jana kutoka Bukavu akiwa na fimbo yake.

Ameacha mjane, Gasaro. Watoto, Uwimbabazi, Shema na Benitha. Na wajukuu saba, mmoja wao akitumia kushoto, na hakuna anayemsumbua.

Viatu viwili mnavyoviona juu ya jeneza vimewekwa na Shema. Cha kulia, kilichopauka sandukuni, amekipaka rangi yeye mwenyewe, na kamba za vyote viwili amezifunga pamoja.

Mzee Anastase, pumzika kwa amani, na mikono yako yote miwili itulie.