Mwonja Wiski na Neno la Oktoba 1996

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu kwa miaka mingi, asanteni kwa kuitika na poleni kwa safari, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi dada yake ninayemfuata kwa kuzaliwa, kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambayo sehemu kubwa aliyaandika mwenyewe kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, akatuachia sharti moja tu, kwamba habari ya Oktoba 1996 isomwe yote, isipunguzwe hata neno, mbele ya wale walioisikia siku ile, na kwa kuwa naona wengi wenu mpo, nawaomba mnivumilie hadi mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1953, mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa baba yetu, fundi wa karakana ya reli, na mama yetu, mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana hiyo, ambamo kila kitu, hata mito tuliyolalia, kilinuka grisi, lakini grisi haikumzuia yeye kufumba macho akataja ni nani kati yetu ameingia chumbani, wala kumwambia mama kwamba maziwa haya kesho yataharibika, na kesho yake yakaharibika kweli. Sisi wadogo zake hatukuipenda sana pua ile, maana hakuna aliyelamba sukari kwa siri au aliyekwepa kuoga akasalimika, na jina la Pua tulimpa sisi nyumbani, wala si ninyi wa kazini mnaojidai kwamba ni lenu.

Alianza shule ya msingi Januari 1960 na kuimaliza Desemba 1966, akaendelea na sekondari kuanzia 1967 hadi 1970, kisha akasomea ufundi wa maabara na kupata cheti chake tarehe 8 Desemba 1972, na kazi yake ya kwanza, aliyoianza tarehe 5 Machi 1973, ilikuwa katika kiwanda cha sabuni, chumba cha manukato, ambako msimamizi wake alimwambia kwamba pua kama hiyo kuinusisha sabuni ni kuidhulumu. Tarehe 2 Julai 1979 aliajiriwa na kampuni iliyoagiza vinywaji kwa ajili ya mahoteli, na hapo akakaa miaka thelathini na mitatu na miezi minane, hadi alipostaafu tarehe 28 Februari 2013 akiwa mwonjaji mkuu.

Kwa wale ambao hawakupata kuiona kazi yake, na kwa majirani waliokuwa wakimtazama anavyotembea ili wajue kama leo kazidisha, familia inapenda kueleza kwamba marehemu alionja wiski za kimea kutoka kiwanda kimoja tu cha Uskoti, kilichokuwa na mkataba na kampuni, wiski za shayiri ile ile na maji ya kijito kile kile, zilizotofautiana kwa aina ya mapipa na kwa miaka ambayo zilikaa humo, kumi, kumi na miwili, kumi na mitano, kumi na minane na ishirini na mmoja, na kila shehena ilipofika alizipanga glasi tano mezani, glasi zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, akazifunika kwa visahani, akaanza na changa na kumalizia na kongwe, akidondoshea maji matone machache, akinusa mkono wa shati lake mwenyewe kati ya glasi na glasi ili pua ipumzike, akionja, kisha akitema kwenye ndoo. Alitema kila tone, miaka yote hiyo, na mtu alipomwuliza ipi ni nzuri kuliko zote alijibu, "Hizo ni ndugu wa tumbo moja, usiniulize ipi nzuri, niulize ipi ni ipi." Angeweza kukwambia kwamba ya miaka kumi ina moshi wa mbele, unaokupokea mlangoni, na ya kumi na minane ina moshi uliokwenda kukaa chumba cha ndani, pamoja na harufu ya zabibu kavu na ya ubao mpya, na sisi tukinusa tulisikia pombe tu.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980 na wifi yangu, muuguzi, lakini haikuwa mteremko, maana baba mkwe alikuwa mtu wa sala asiyeruhusu chupa kupita hata barazani kwake, akasema hamtoi binti yake kwa mlevi wa mshahara, ndipo marehemu akamwalika kazini, na mzee yule akaja kweli, akakalishwa kwenye kiti cha mbao pembeni ya dirisha kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, akaangalia wiski ikinuswa, ikionjwa, ikitemwa, akainuka, akachungulia ndoo, akasema, "Basi, oaneni." Wifi yangu naye aliacha mafuta ya kunukia siku alipoingia nyumbani kwake, akapaka yasiyo na harufu ili asiivuruge kazi ya mumewe, na Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1981, ni mwalimu, wa pili, wa tarehe 19 Mei 1984, ni fundi wa majokofu, na wa mwisho, wa tarehe 30 Agosti 1990, amefuata nyayo za mama yake hospitalini.

Msimamizi wa harusi ile alikuwa mtunza stoo wa kampuni, rafiki yake tangu wiki ya kwanza ya kazi, ambaye walikula pamoja chakula cha mchana kwa miaka kumi na saba, wakiazimana kila kitu hadi miwani, na sasa nafika pale tulipoagizwa tusiparuke.

Tarehe 17 Oktoba 1996 ilifunguliwa shehena ya wiski ya miaka kumi na minane, na marehemu alikuwa ametoka kwenye mafua siku mbili tu zilizopita, ilhali kanuni aliyojiwekea mwenyewe ilimtaka angoje siku saba, tena hoteli moja ilikuwa ikipiga simu kila baada ya dakika chache ikitaka jibu, basi akaanza na glasi iliyokuwa karibu na mkono, ambayo ilikuwa ya miaka ishirini na mmoja, jambo ambalo alikuwa akiwafokea wanafunzi wake wakilifanya, kwa sababu kongwe ikitangulia, ulimi hubaki nayo, na kila kinachofuata huonekana chepesi. Ile ya kumi na minane ikaonekana kwake nyepesi, kama iliyoongezwa ya kumi na miwili, akatoka hadi uwanja wa kushushia mizigo, akasema mbele ya meneja na wafanyakazi arobaini na wawili kwamba chupa zile zimechezewa stoo, na mtunza stoo ni mwizi, na kwa kuwa Pua hakuwahi kukosea, hakuna aliyetaka ushahidi mwingine, na tarehe 24 Oktoba mtunza stoo akafukuzwa bila barua, habari ya kwamba ni mwizi ikamtangulia kila alikoomba kazi, na binti yake akahamishwa shule kwa sababu ya alichokuwa akiitwa na wenzake.

Tarehe 3 Februari 1998, akipanga kabati lake, marehemu alikuta chupa ile ile aliyoionja siku ile, iliyobaki zaidi ya nusu, akiwa ameifunga kwa nta mwenyewe, akaionja upya pamoja na wenzake wanne, kwa utaratibu, changa kwanza, na alipoifikia hiyo akaijua mara moja, ilikuwa ya miaka kumi na minane, safi, haikuguswa na mtu. Alikwenda kwa meneja siku hiyo hiyo, meneja akamwambia kwamba jambo hilo walishalifunga, na kaka yetu ameandika hapa, nami nasoma kama alivyoandika, kwamba alishukuru kuambiwa hivyo, akarudi kwenye meza yake, akanyamaza miaka kumi na mitano.

Baada ya kustaafu, tarehe 6 Aprili 2013, alikwenda na mkewe nyumbani kwa mtunza stoo, wakakaribishwa, wakapewa maji, akaeleza yote, na mwenyeji wao hakupaza sauti, alisikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Hukuninong'oneza uliponiita mwizi, ulisema mbele ya watu, kawaambie hao." Lakini kampuni ilikuwa imeuzwa na watu wametawanyika, marehemu akaona kwamba sasa wanakutana msibani tu, na mara mbili alihudhuria maziko ya wenzake na karatasi mfukoni, akainuka, akakaa tena, kwanza kwa kuwa ilikuwa siku ya mtu mwingine, na pili, ameandika, "kwa sababu niliogopa."

Mwaka 2016 marehemu alianza kupoteza uwezo wa kunusa, akadhani ni uzee, hadi mikono ilipoanza kutetemeka na madaktari wakamweleza, tarehe 12 Septemba 2017, kwamba yote mawili ni ugonjwa mmoja, na aliporudi nyumbani siku ile alimwambia mkewe akanunue mafuta ya kunukia aliyoyaacha zaidi ya miaka thelathini na sita iliyopita, wifi akanunua, akapaka, na marehemu akamwambia kwamba ananukia vizuri, wote wawili wakijua kwamba hasikii kitu. Hali yake ilibadilika Mei mwaka huu, akalazwa tarehe 28, na Jumapili tarehe 11 Juni 2023, saa nne asubuhi, akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, waliomgeuza kitandani kwa upole kana kwamba ni baba yao, majirani waliotuletea viti na kuni kabla hatujaomba, wafanyakazi wenzake wa zamani waliotafutana kwa simu hadi wakatimia, na sitawaficha kwamba juzi tulipokaa kikao cha familia mtoto wake wa kwanza alipinga habari hii kusomwa, akasema baba atazikwa mara mbili, nami nilikuwa upande wake, nikiona aibu kama yeye, ila mjane alitusikiliza wote, akasema, "Aliniomba mimi, si ninyi. Someni."

Kwa hiyo, ninyi mliokuwa uwanja ule wa kushushia mizigo, wale arobaini na wawili na wote waliosikia kutoka kwenu, kaka yetu anasema kwamba alikosea, kwamba mafua yalikuwa yake na haraka ilikuwa yake, kwamba alijua tangu mwaka 1998 akanyamaza, na kwamba mtunza stoo hakuiba hata tone moja. Yupo hapa, ameketi mstari wa nyuma na binti yake, alikuja mwenyewe bila kuitwa, hakutuahidi msamaha na sisi hatukumwomba atuahidi, na tukitoka makaburini, wale mtakaompa mkono, nawaomba msimpe pole tu, kila mmoja amwombe radhi kwa sehemu yake, nami nitakuwa wa kwanza, kwa sababu mwaka ule na mimi niliamini.

Binti wa mtunza stoo, ulikuwa mdogo na hukuwa na wa kumwuliza, sasa umesikia mbele ya watu, baba yako si mwizi. Pumzika kwa amani, kaka, tumewaambia.