Gari la Viti Viwili: Maisha ya Mzee King'ora, Aliyeupanda Mlima

Mzee tunayemsindikiza leo, ambaye mtaa mzima ulimwita King'ora hata wale wasiojua jina lake la kuzaliwa, alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la mbao. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba mpasua mbao na mama mshona magunia. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutamka maneno lakini hakuchelewa kunguruma. Lori la mbao likipita, naye alilijibu kutoka mgongoni. Majirani walidhani ana kasoro, kumbe mwenzao alikuwa anajifunza gia.

Aliingia shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza sekondari mwaka 1970. Hatutawapaka waombolezaji mafuta kwa mgongo wa chupa: hakuwa wa kwanza darasani, wala wa pili. Siku moja mwalimu wa hesabu alimkuta anakata kona kwa mfuniko wa sufuria chini ya dawati, akamwambia, "Wewe dereva, teremsha abiria uje ubaoni." Naye akajibu, "Samahani mwalimu, hapa si kituo." Alipigishwa deki wiki nzima. Hata hivyo, mwalimu yuleyule ndiye aliyemwandikia barua ya kumpeleka chuo cha udereva.

Tarehe 2 Septemba 1974 aliajiriwa na hospitali kuwa dereva wa gari la wagonjwa, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Jina la King'ora alilipata huko. Lakini wenzake walimkumbuka zaidi kwa jambo jingine. Akishawasha king'ora na magari yakishampisha, alitoa mkono dirishani kuomba radhi kwa kila aliyempita. Kila mmoja! Marehemu hakuweza kumuudhi mtu. Akialikwa chakula nyumba mbili kwa saa moja, alikula kote kuwili na kusifu kote kuwili. Shikeni hilo, maana ndilo lililotaka kumharibia safari kubwa kuliko zote maishani mwake.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 11 Agosti 1979, na fundi cherehani wa duka la vitambaa karibu na hospitali. Ukumbi wa harusi ulikuwa juu ya mlima huu huu tunaomzika leo. Bwana harusi, kwa kuwa hakumwamini dereva mwingine yeyote, aliazima gari la mwenzake akaliendesha mwenyewe. Walipofika kwenye kona ya jiwe jeupe, gari lilikohoa mara mbili likazima. Bibi harusi akashuka, akalikunja gauni aliloshona kwa mikono yake, akasukuma pamoja na wasimamizi. Bwana harusi alibaki kwenye usukani, eti kwa sababu ndiye mwenye leseni. Waliingia ukumbini bibi harusi akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Hapo mlangoni, mbele ya wageni, akamwapia: "Mke wangu, ipo siku utaupanda mlima huu umekaa. Hutakanyaga chini."

"Ahadi ni deni," akajibu bibi harusi. "Na kwa basi haihesabiki. Kwa gari la hospitali pia haihesabiki. Gari lako, na wewe kwenye usukani."

Walijaliwa watoto watatu: binti mkubwa, wa kiume wa kati, na binti wa mwisho. Ada zilipishana na kodi ya nyumba, na gari likawa hadithi ya mezani. Kila tarehe 11 Agosti mama alikuwa akiuliza, "Mlima bado upo?" Baba naye alikuwa akijibu, "Upo, unanisubiri." Walicheka wote wawili, ila wanaomjua marehemu walijua kwamba jambo hilo lilimkaa rohoni. Alikuwa amewapandisha wagonjwa wa watu milima yote ya wilaya, lakini mke wake mwenyewe alikuwa bado hajampandisha hata huu mmoja.

Februari 2013 akaja nyumbani na gari jekundu la spoti, viti viwili, paa la turubai, mkono wa tatu, yaani lilishapita kwa wenyewe wawili. Lilikuwa limeinama chini kama paka anayevizia panya. Mama alitoka na futi shingoni, akalizunguka.

"Wajukuu utawaweka wapi?"

"Hili si la wajukuu," akasema. "Hili ni la mlima."

Sasa ikaja shughuli: nani alitunze? Gari la spoti lililotumika si baiskeli. Lina mambo yake, na katika familia hii mafundi walikuwa wawili ambao hawakuwa wakisemezana. Wa kwanza alikuwa mdogo wake mama, mjomba wetu, ambaye gereji yake ipo nyuma ya kituo cha mafuta: paa la mabati, ardhi nyeusi kwa oili, na kiti cha basi kuukuu ambacho ndicho chumba cha wageni. Wa pili alikuwa binti mkubwa wa marehemu. Mjomba ndiye aliyemfundisha kushika spana tangu akiwa na meno ya utoto, akitegemea kwamba siku moja atamwachia gereji. Binti akaenda chuo, akarudi na cheti, akaajiriwa na wakala wa kiwanda kilekile kilichounda gari hilo. Huko sakafu ina vigae vyeupe, na mteja hukaa nyuma ya kioo akinywa kahawa ya bure huku akilitazama gari lake kama mtu anayemtazama mgonjwa wake. Mjomba alisema amemtupa jongoo na mti wake. Tangu hapo, kwenye shughuli za familia, hata chumvi walipitishiana kupitia kwa mama.

Binti alisema, "Baba, gari hili lije kwetu. Tuna mashine inayozungumza nalo, tuna vipuri vya kiwandani, na likikosewa kitu tunawajibika. Kule kwa mjomba kila kitu ni 'hebu tujaribu.'"

Mjomba alisema, "Shemeji, kule hawatengenezi, wanabadilisha tu. Taa ikizima wanakuuzia mlango. Mimi nalifungua mbele ya macho yako na wewe mwenyewe unanishikia tochi."

Wote wawili walikuwa na haki yao. Mtu mwingine angechagua. Marehemu akasema ndiyo kwa binti yake, akasema ndiyo kwa shemeji yake, na hakumwambia yeyote habari za mwenzake.

Ikawa Jumamosi gari lipo kwa wakala, Jumapili lipo kwa mjomba. Oili iliyomwagwa jana inamwagwa tena. Plagi mpya zinavuliwa kupisha mpya zaidi. Halikuwahi kutokea gari lililohudumiwa namna ile. Kila upande uliona dalili za mkono mgeni, na kila upande ukamlaumu yule mwenye gari wa zamani, mtu ambaye alibebeshwa dhambi zote na hakuna aliyewahi kumwona. Marehemu alikuwa akiitikia tu: "Eh, watu wengine hawajali magari." Mshika mbili moja humponyoka, na yeye alikuwa ameshika mbili kwa mikono yote.

Tarehe 11 Agosti 2014, siku walipotimiza miaka thelathini na mitano ya ndoa, alivaa suti. Mama alivaa gauni la bluu alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Turubai likafunguliwa, watoto wa mtaa wakapiga makofi, gari likaondoka. Lilipanda vizuri mpaka kwenye kona ya jiwe jeupe. Hapo mshale wa joto ukaruka, mvuke ukatoka chini ya boneti, na gari likazima palepale lilipozima lile la kwanza.

Marehemu alishuka akasimama barabarani na suti yake. Mama alisimulia kwamba katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona amenyong'onyea kiasi kile. "Mke wangu," akasema, "nimeshindwa tena."

Mama akafungua mwavuli, akakaa vizuri. "Hujashindwa. Umesimama. Mimi sishuki hapa, maana nikishuka nitakuwa nimekanyaga. Piga simu."

"Nimpigie nani?"

"Wapigie wote wawili. Si wote wawili ndio wanaolitengeneza? Unadhani mimi sijui harufu ya oili ya ndugu yangu na harufu ya sabuni ya kule kwa mwanao?"

Alipiga. Binti alifika na breki dauni ya wakala, lori la kubebea magari mabovu, mjomba akafika na pikapu yake. Walisimama kila mmoja upande wake wa barabara, wakisubiri gari lipoe, bila hata salamu. Lilipopoa, mjomba akafungua mfuniko wa rejeta, akachungulia, akaingiza kijiti. Kilitoka kimeshika kitu kizito cha rangi ya kahawia.

"Shemeji, humu umepika uji?"

Binti akasogea. Akaugusa ule uji kwa kidole, akausugua. "Haya ni maji yetu ya kupoza injini, kulanti ile ya waridi. Lakini kuna nyingine imetiwa juu yake. Ya kijani."

"Ya kijani ni yangu," akasema mjomba. "Na ni nzuri. Miaka yote naitumia."

"Ni nzuri, Mjomba. Na yetu ni nzuri. Ila hazichanganywi. Zikikutana zinaganda, rejeta inaziba."

Wakamgeukia mwenye gari. Mzee King'ora alitazama viatu vyake. "Nilikuwa nawapelekea wote," akasema. "Sikutaka kumuudhi mtu."

Kisha mama akaangua kicheko pale kwenye kiti, kicheko cha mtu aliyekizuia mwaka mzima na nusu. Mjomba akajitahidi kununa, akashindwa. Binti akakaa chini barabarani na ovaroli lake safi, anacheka machozi yanamtoka, na mjomba akampa mkono kumwinua. Huo ndio mkono wa kwanza walioshikana tangu siku ya cheti. "Kumbe wewe bado unajua kugusa kitu kwa kidole," mjomba akamwambia. "Nilidhani mashine imekusahaulisha." Binti akamjibu, "Nani alinifundisha?"

Gari liliteremshwa mlima juu ya breki dauni, na mama ndani yake, mwavuli juu, akipunga mkono kwa wapita njia. Alikataa katakata kushuka, na hakuna aliyethubutu kumlazimisha.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wiki zilizofuata binti alikuwa akitoka kazini na kwenda moja kwa moja gerejini kwa mjomba. Rejeta ilifunguliwa kwa mikono ya mjomba, maana mipira ile ya zamani inavunjika ukiivuta kwa pupa, na kiwanda hakiitengenezi tena. Mabomba yalisafishwa kwa mashine ya shinikizo ambayo binti aliiomba kwa bosi wake. Kulanti ikatiwa moja tu, ya waridi, na mjomba ndiye aliyeimimina. Marehemu alishika tochi na kuambiwa asiguse kitu.

Siku ya Jumapili, tarehe 7 Septemba 2014, wakapanda tena. Pikapu ilifuata nyuma, mjomba na binti ndani yake, na ndoo ya maji kwa tahadhari. Gari likaifikia kona ya jiwe jeupe. Likaipita. Mshale wa joto haukutikisika. Likapita kona inayofuata, na nyingine, likatokea kileleni likinguruma kama lililozaliwa jana, na Mzee King'ora akafungua mdomo akalia kile king'ora chake mwenyewe, kile cha mgongoni kwa mama yake, mpaka mbuzi wakakimbia. Kisha akazunguka, akamfungulia mke wake mlango. Mama akakanyaga chini kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani.

"Umelipa," akamwambia. "Sasa nishushe, maana kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma."

Watu waliokuwepo wanasema Mzee alilia, na alilia kweli, kwa furaha, bila kujificha. Tangu siku hiyo gari lilikuwa na mafundi wawili wanaojuana. Mambo ya kompyuta na vipuri yalikwenda kwa wakala, mambo ya mikono na subira yalikwenda kwa mjomba, na kabla ya kulifungua walipigiana simu ndefu kuliko za wachumba. Mwaka 2019 binti aliacha kazi kwa wakala kwa heshima zote na kuingia ubia na mjomba wake. Gereji ile leo ina vigae vyeupe, na kiti cha basi bado kipo.

Marehemu alianza kuugua moyo Novemba 2022. Familia iligawanyika: wengine walitaka hospitali kubwa ya mjini, wengine walimtaka daktari wa zahanati aliyemjua miaka mingi. Akiwa kitandani aliinua mkono. "Nipelekeni kote kuwili," akasema. "Ila safari hii waambieni." Wakaambiwa. Madaktari wale wawili walishauriana mpaka mwisho, na alipata karibu mwaka mzima wa neema, akiketi barazani na kulisikiliza gari lake likipashwa moto kila asubuhi. Alifariki kwa utulivu siku ya Jumatano, tarehe 4 Oktoba 2023, mke wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, shemeji ambaye leo hajavaa ovaroli kwa mara ya kwanza tunayoikumbuka, na gari moja jekundu.

Wasifu huu umepangwa kusomwa hapa juu, makaburini, baada ya msafara kupita kona ya jiwe jeupe. Binti yake mkubwa ndiye aliyekuwa na zamu ya usukani, na mama alipewa kiti cha pembeni kama siku ile. Kwa hiyo, ikiwa unayasikia maneno haya, basi gari limefika, na mama amepanda akiwa amekaa.

Mlima ameumaliza, breki ya mkono ameivuta. Apumzike kwa amani King'ora wetu.