Cheti Kilichokunjwa Chini

Kaeni wanangu, na wewe Bonifasi usisimame mlangoni kama mtu anayengoja treni. Njoo nikuone macho, maana pumzi ya kurudia maneno sina. Dina, mpishe wifi yako. Loyce, mke wa marehemu Damiani wangu, kaa hapa kitandani.

Biashara ilipoachiwa huru, Damiani na Bonifasi walikuwa wakipeleka asali Dar kwa treni, na safari moja Damiani akarudi anaungua, tezi za shingo zimevimba, vipele kifua kizima. Tukasema malaria, akameza klorokwini, homa ikaisha. Wiki ileile mchungaji akataka cheti cha damu kabla ya ndoa. Bonifasi, ulimsindikiza kaka yako, ukarudi unapunga cheti kwamba ni safi, ukakitia kwenye fremu ya kioo, tukakitundika juu ya redio. Aliyeringa kuliko wote ni mimi.

Damiani alipokufa, ukasema ugonjwa kauleta Loyce. Nikakuamini, nikamtengea binti huyu kikombe na sahani. Juzi nafuta vumbi, fremu ikaniponyoka, kioo kikapasuka, nikakuta cheti kimekunjwa chini. Darasa langu la nne linatosha kusoma: "Arudi baada ya miezi mitatu."

Nilikwenda kwa nesi aliyempima Damiani. Akaniambia kipimo kile hakimtafuti mdudu wa ukimwi mwenyewe, kinatafuta askari ambao mwili unawatuma wapambane naye. Na wiki za mwanzo, kama zile za homa yake, mdudu anazaana huku askari bado wanatafuta viatu, basi kipimo kikiwakosa kinasema ni salama. "Bibi, tuliwaeleza wote wawili."

Wote wawili! Na Damiani, niliyemzaa. Askari wa mwili wake walichelewa, siwalaumu, wao hawakuambiwa. Ninyi mliambiwa. Nilipokuuliza, Bonifasi, ulinijibu nini? "Mama, mbuzi wa harusi walishachinjwa."

Sikilizeni sasa. Nyumba hii na mizinga yote iliyoko porini ni ya Loyce, awe mzima, awe mgonjwa. Mwenyekiti wa kijiji ameandika na kugonga mhuri. Cheti nimekinyoosha, kiko chini ya mto. Bonifasi, usitie udongo kaburini kwangu kabla hujasimama mbele ya watu ukausoma ule mstari wa chini.

Dina, maji... Hapana, aanze Loyce. Kwa kikombe changu. Nisamehe, mwanangu.

Mungu awatunze... nyote. Hata wewe, Bonifasi. Usome... kwa sauti.